Rudi Tumalize

Viazi vya Kiirua havinunuliwi ukiwa umekaa. Nilijifunza hilo safari yangu ya kwanza, nilipopanda huko mlimani Meru na lori la kukodi, nikakalia kigoda nilichopewa, nikataja bei, na mwenye shamba akanikubalia papo hapo. Nilirudi Embu nikijipongeza. Kufungua magunia, juu viazi vilikuwa kama ngumi, chini vilikuwa kama gololi. Magunia nilikuwa nimeyahesabu mara mbili. Viazi vyenyewe sikufikiria kuvihesabu.

Muuzaji wangu wa kudumu nilimpata msimu uliofuata, mashamba machache kutoka kwa huyo wa gololi. Alikuwa mwanamke mfupi, koti la mzee wake mwilini, gambuti miguuni. Alinisikiliza nikitaja bei, akacheka, akataja yake. Nikacheka mimi pia. Nikasimama, nikatengeneza mtandio wangu vizuri, nikaanza kwenda getini. Kutoka jikoni kwake hadi getini unapita kabichi, unapita tangi la maji, unapita boma la ng'ombe. Si mbali, lakini mtu anayenunua viazi anaweza kuifanya safari ndefu. Aliniacha nikafika. Mkono wangu ulipogusa komeo, ndipo akaita.

"Rudi tumalize."

Nikarudi. Akanimiminia chai, akaitukana bei yangu, nikaitukana lumbesa yake, ile shungi ya viazi inayorundikwa juu ya gunia na kufungwa kwa wavu, na tukakutana pale katikati ambapo kila mmoja wetu alikuwa anapajua tangu asubuhi.

Msimu baada ya msimu tulifanya hivyohivyo. Bei ilikuwa inajulikana hata sokoni Meru, tungeweza kuimaliza tukiwa tumekaa. Lakini hapo tungekuwa tumeuziana viazi tu. Mimi nilijua ataniita, yeye alijua nitatembea polepole. Aliniita Mwislamu wangu, kana kwamba wengine waligawiwa wao na mimi nikamwangukia yeye. Kuku wa mchana alimfunga mguu kwenye nguzo ya baraza hadi dereva wangu afike amchinje kwa kisu chake, maana wote wawili tulikuwa Waislamu wa Majimbo, mtaa wetu wa Embu, na hakutaka tule mayai kila safari.

Mzee wake alikaa barazani mwa stoo na redio mapajani, akitutazama kama mtu anayetazama mvua. Sikuwahi kumsikia akitaja bei ya kitu chochote. Mkewe aliniambia kwamba hata mahari alitoa bila kubishana, kiasi kilekile kilichotajwa, na wajomba zake hawajamwamini hadi leo.

Kisha korona ikaja.

Walionunua viazi vyangu walikuwa wenye vibanda vya chipsi, hoteli ndogondogo na shule mbili za bweni. Vyote vikafungwa karibu kwa pamoja. Soko likahamishwa, likarudishwa, likafungwa. Nikauzia mlangoni kwangu, nimechora miviringo ya chokaa chini ili wateja wasimame mbalimbali, na siku nyingi miviringo ilikuwa mingi kuliko wateja. Alasiri redio ilisoma hesabu ya siku hiyo: waliopimwa, waliopatikana nayo, waliokufa. Mimi ni mtu wa hesabu, nilisikiliza kila siku. Niliisikia kama unavyosikia bei za soko la mbali, ambako huna mzigo.

Dereva akaanza kuogopa kupeleka abiria, hata mimi mwenye mzigo, kwa sababu ya vizuizi vya barabarani na kafyu. Kwa hiyo mimi na yule mama tukalazimika kuelewana bei kwa simu, halafu dereva akapakie peke yake. Shida ni kwamba simu haina geti. Mara ya kwanza nilitaja yangu, akataja yake, kisha kila mmoja akabaki akisikia pumzi ya mwenzake. Nikakata.

Nikasimama jikoni kwangu nikitazama sufuria. Simu ikalia.

"Rudi tumalize," akasema, na akacheka mpaka nikamsikia akiketi.

Basi kukata simu ndiko kukawa kwenda getini. Tuliendelea hivyo kipindi chote kile kibaya, na nikisema kweli, hiyo simu ya pili ndiyo nilikuwa naingojea kuliko viazi.

Halafu alasiri moja akanipigia yeye. Hilo lilikuwa nje ya utaratibu, maana muuzaji hapigi kwanza, akipiga ameshajishusha. Akasema kuna viazi stoo, nije nivichukue vyote. Nije mwenyewe, nisimtume dereva. Nikamuuliza bei gani.

"Taja wewe."

Nikataja bei ya aibu. Bei ambayo ningeambiwa mimi, ningefunga mlango.

"Sawa," akasema. "Njoo."

Niliondoa simu sikioni nikaitazama. Kwenye kazi yetu, mtu akikubali hivyo, kuna kitu chini ya gunia. Nikamuuliza kama viazi vimeingiwa na ugonjwa. Akasema hakuna kilichooza, nije tu. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikalaumu mtandao, maana kule mlimani mtandao nao unajiuza ghali. Nikashusha bei tena, niione sakafu iko wapi. Akasema sawa. Hakuitukana. Hakuniuliza watoto wake watakula nini nikimwibia hivyo.

Nikaamua ananicheka, au ana mnunuzi mwingine pale karibu anayesikiliza. Nikafanya nilichokuwa nafanya siku zote. Nikakata.

Simu haikulia. Sikuhangaika. Nilipika, nikaswali na simu iko kando ya mkeka. Asubuhi haikuwa imelia, na nakumbuka nilimheshimu kwa hilo. Niliona amebuni mbinu mpya, kuniacha getini nisimame hadi miguu iume. Jirani yangu ana bucha, tunatenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Nilimsimulia. Akasema nimpigie mimi. Nikamwambia anayerudi kutoka getini bila kuitwa amepoteza msimu mzima.

"Msimu gani, mama?" akaniuliza, akipasua mfupa. "Nani ananunua?"

Alikuwa na haki, lakini sikumpa. Nikangoja siku hiyo na nyingine zilizofuata, na kila simu ilipolia nilitengeneza sauti yangu kabla ya kuipokea.

Mwishowe nilipiga. Nilikuwa nimejitayarishia kisingizio, kwamba gunia langu la mwisho limeisha. Simu ikapokelewa na binti yake, yule mwalimu, ambaye alikuwa amerudi nyumbani tangu shule zifungwe. Nikamwambia anipe mama. Akasema kwa Kiswahili chake safi cha darasani, "Mama tulimzika jana."

Mengine alinieleza taratibu, na nilimwacha amalize. Ile alasiri aliyonipigia alikuwa tayari anahema. Gari la hospitali lilimchukua kabla giza halijaingia, na hakuna aliyeruhusiwa kumwona tena. Waliomrudisha ni watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi kwenye vidole, ambao hakuna mtu pale nyumbani angewatambua kesho yake. Waliomzika walihesabiwa getini, na hesabu ilipotimia, mdogo wake mwenyewe alibaki barabarani. Jeneza halikufunguliwa. Wimbo mmoja, nao ukakatizwa.

Sisi kwetu maiti huoshwa na watu wake, na watu hupokezana jeneza begani hadi bega la kila mmoja lichoke. Kwao huimbwa, husimuliwa, na mtu huzikwa akiwa amesemwa mema na mabaya yake yote. Yeye hakupata ya kwao wala ya kwetu. Wengi mwaka ule hawakupata. Nilirudi kwenye zile hesabu za redio kichwani, nikajaribu kukumbuka ya siku ile, na ya siku iliyofuata. Mimi ambaye nahesabu kila kitu mara mbili sijui hata leo yeye alikuwa ndani ya hesabu ipi. Niliisikia, hilo najua. Huenda nilikuwa namenya vitunguu.

Vizuizi vilipolegea kidogo nilipanda na lori. Barabara ilikuwa nyeupe kwa ukungu tangu Meru. Pale getini kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni, nikanawa, nikapita boma la ng'ombe, tangi na kabichi, ambazo zilikuwa zimepasuka kwa kukosa mtu wa kuzivuna. Binti alinipa chai akaiweka mezani, akarudi nyuma ndipo nikaichukua. Mzee alikuwa barazani mwa stoo. Redio haikuwepo.

Viazi vilikuwepo vyote, vimeanza kuchipua macho. Vizima. Niliingiza mkono hadi chini ya rundo, tabia haiombi ruhusa, na chini vilikuwa sawa na vya juu.

"Mama alisema ni vyako," binti akasema. "Bei ni ile mliyoelewana."

Nikamuuliza ipi. Akaitaja, ile ya pili, ile ya chini kabisa. Nikamwambia hiyo haikuwa bei. Nikamtajia ya haki. Akakataa, akafikiri ninawahurumia. Nikapandisha, yeye akashusha, mpaka dereva akazima injini na kushuka kusikiliza, maana hajawahi kuona soko lililosimama kwa kichwa. Nilikuwa natafuta mtu wa kunishinda, na yule msichana hakujua kushinda. Alijua tu kutii alichoachiwa.

Ndipo nikamuuliza kilichonipandisha kule, viazi vikiwa kisingizio. Nilitaka kujua mama yake alifanya nini nilipokata simu.

Binti akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Aliweka simu kifuani. Nikamwambia nimpigie huyo mtu mimi. Akasema, wacha, hajaenda, amefika getini tu. Nikipata pumzi nitamwita." Akaangalia nje. "Halafu gari likaja."

Nilikunywa ile chai yote. Vijana wakapakia. Bei ikabaki aliyoikubali marehemu, na pesa nilimpa binti bila kuzihesabu, naye akashangaa kwa sababu alikuwa amesimuliwa habari zangu. Kisha nikaaga, nikatengeneza mtandio, nikaondoka. Sikukusudia kwenda polepole. Miguu ndiyo iliyoijua ile njia kwa mwendo huo na haikuwa na mwingine. Nikapita kabichi, nikapita tangi. Pale bomani ng'ombe aliinua kichwa. Nikafika, nikashika komeo, na badala ya kulifungua nikasimama hapo kama mtu aliyesahau kitu.

Sauti ikatoka nyuma, ya mwanamume, nzito kwa kutotumika.

"Rudi." Ikakwama. Niligeuka nikamwona mzee amesimama barazani, mkono umeshika nguzo ile ya kuku. "Rudi tumalize."

Nikarudi njia yote. Akanisogezea kigoda, akakaa kwenye chake, mbali kama tulivyoagizwa wakati ule, na barakoa yake ikapanda na kushuka. Hatukuwa na cha kumaliza. Viazi vilikuwa juu ya lori, pesa zilikuwa ndani ya nyumba. Tulikaa mpaka dereva akapiga honi, akajuta, akaacha.

"Huwa mnasema nini baadaye?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia huwa nataja bei, naye huitukana.

"Basi taja."

Nikaitaja, ile ya aibu. Aliifikiria kwa bidii, macho kwenye viatu vyake, na niliona anatafuta tusi kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti la mwenzake.

"Sawa," akasema.

Nikamwambia haisemwi hivyo. Akasema anajua.