Mtumbwi Uliozama Kwenye Karatasi

Zamani za kale, mwanangu, yaani mwaka jana, kabla sijazeeka na kufika darasa la sita, naikumbuka siku moja pale Nyangwe. Mjomba Ramazani, anayevusha watu mto Lualaba, aliniomba programu ya simu ya kumwambia nani apande mtumbwi na nani asubiri. Lualaba haina mzaha: mtumbwi ukizidiwa, tunatandika mikeka ya matanga.

Nikafungua kompyuta nianze. Yaya Zaina, dada yangu anayesomea informatiki, elimu ya kompyuta, huko Kasongo, akaifunga.

"Kwanza eleza mutumbwi ni nini."

"Yaya, hata mbuzi wanajua mutumbwi!"

"Basi mbuzi waandike programu."

Akanifundisha lugha ya kubainisha, yenye alama za hesabu zisizokubali maana mbili. Kila kitu kinajengewa nyumba: ndani mna kile kilicho nacho, kile kinachoweza kufanya, na sheria isiyovunjwa kamwe. Sheria ya Mtumbwi: mzigo usizidi uwezo. Kisha tukauzalia mtoto, Mtumbwi wa Nyangwe, unaorithi yote ya mzazi. Humo nikaingiza desturi yetu: mfiwa harudishwi ufukoni. Anapanda, hata mtumbwi ukiwa umejaa.

Yaya akaweka mstari wangu kando ya sheria ya mzazi, akacheka. "Mutoto amerithi nyumba, sasa anang'oa nguzo. Mutumbwi yako imezama, ndugu."

"Programu yenyewe haijaandikwa!"

"Ndiyo uzuri wake."

Wazee wenzangu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yaya alikuwa ameziba ufa wa ukuta usiojengwa bado!

Tukamwuliza Mjomba. "Mufiwa anapanda," akasema, "lakini kwanza kijana mwenye afya anashuka. Iko vile tangu baba yangu." Tukabainisha hivyo, ndipo nikaandika programu.

Siku ya soko, mtumbwi umejaa nami ndani, akaja mama analia. Kaka yake amefariki ng'ambo. Simu ikasema: mmoja ashuke kwanza. Macho yote kwangu. Nikashuka. Mama akakaa mahali pangu, mtumbwi ukaenda, ukingo wake juu ya maji, salama. Sijawahi kuachwa ufukoni kwa fahari namna ile.

Basi mwanangu wa darasa la kwanza, usikimbilie kompyuta. Eleza kwanza kitu kina nini, kinafanya nini, na kipi hakitavunjwa, hata na watoto wake. Ukizama, zama kwenye karatasi. Huko hakuna mamba. Mungu akuzeeshe vizuri kama mimi, na kila mto akuvushe mkavu.