Wetu Ni Ugonjwa Gani wa Macho?

Jina la Mama Mistari alilipata kazini, kwenye dirisha la mapokezi la kliniki ya macho, kwa sababu kila aliyemuuliza zamu yake ni lini alijibiwa, "Subiri nitazame mistari." Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja nyuma ya kioo kile kilichopasuka kona na kuzibwa kwa plasta ya vidonda, chini ya feni inayolalamika kuliko wagonjwa. Maneno mengi hakuwa nayo. Lakini akichukia, huchukia mwili mzima: pua inakunjamana, mabega yanapanda, na kikombe chake cha chai anakisukuma kando kama kimeingia nzi.

Siku hiyo kikombe alikisukuma saa tatu asubuhi, na hakukigusa tena.

Mara moja kwa mwaka madaktari wa upasuaji huja kwenye kliniki ile wakakaa siku tatu. Nafasi ni arobaini, haiongezwi hata moja, na wanaojiandikisha hupita mia. Wote wamo katika jedwali kwenye kompyuta ya Mama Mistari, kila mtu na mstari wake: jina, umri, tarehe ya kujiandikisha, halafu safu moja inayoitwa Hali. Humo huingizwa moja kati ya maneno manne, kama sista wa macho alivyoandika kwenye kadi baada ya kumpima mtu. Macho yote, yaani haoni kabisa. Jicho moja, yaani limebaki moja. Ukungu, anaona kwa shida. Na Miwani, huyo apewe miwani aende zake.

Mwaka uliotangulia Mama Mistari aliiambia kompyuta ipange safu hiyo, akabofya, akachapa, akabandika ukutani bila kutazama mara mbili. Sasa kompyuta inajua nini habari ya upofu? Inajua alfabeti. Jicho moja likatangulia Macho yote, na waliokuwa na jicho zima wakazijaza nafasi zote arobaini, huku walio gizani wamekaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Aligundua siku ya tatu, madaktari wanafunga masanduku yao.

Mmoja wa wale wa kwenye benchi alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kiko mbele ya geti la kliniki, na anashona kwa kupapasa, vidole vyote vina matundu ya sindano. Mama Mistari alimfuata, akamweleza kosa lake bila kuficha, machozi yanamlengalenga. Fundi akasema, "Haidhuru, dada. Mwakani basi." Angemtukana ingekuwa nafuu. Hiyo haidhuru ilimkaa kooni mwaka mzima.

Ndipo akambana fundi wa kompyuta mpaka akamwonyesha kwamba mashine inafundishika. Unafungua sehemu ya kupanga, unaandika maneno yako kwa utaratibu unaoutaka wewe, unahifadhi, na tangu hapo alfabeti haina la kusema. Mama Mistari akaandika manne yake: Macho yote, Jicho moja, Ukungu, Miwani. Na walio na hali moja, aliyejiandikisha mapema akae mbele. Aliupenda mpangilio ule kama mpishi anavyopenda kisu chake, na hakutaka mtu auguse.

Basi asubuhi hiyo, madaktari wanatarajiwa kesho yake, akafungua jedwali, akabofya apange. Juu kabisa yakapanda majina kumi na tisa, na kwenye safu ya Hali yote yameandikwa neno moja: Wetu.

"Sista!" akaita. "Hebu njoo. Wetu ni ugonjwa gani wa macho?"

Sista wa macho akatazama kompyuta, akatazama mlango, akamalizia kwa kutazama viatu vyake. "Mimi sijaona kitu, dada."

"Wewe ndiye mpimaji. Usipoona wewe, ataona nani?"

Sista akashusha sauti. "Jana ulipokwenda kula, Bwana Marashi alikaa kwenye kiti chako."

Bwana Marashi ni mkuu wa utawala. Harufu yake hutangulia kufika na huchelewa kuondoka. Mama Mistari akainamia kibodi, akanusa. Ndiyo hiyo! Akafungua sehemu ya mpangilio wake, akakuta maneno yake manne yamekuwa matano, na Wetu limekaa juu ya Macho yote kama bwana harusi. Alisikia kinyaa cha mtu aliyekuta mswaki wake umelowa na yeye hajaswaki. Akachukua pamba na spiriti akaisugua kibodi herufi moja moja, na bado ikanuka.

Halafu akamtafuta fundi viatu. Kwa haki alikuwa wa thelathini. Sasa alikuwa wa arobaini na tisa.

Akaanza kuwasoma hao Wetu. Shemeji wa Bwana Marashi. Shemeji mwingine wa Bwana Marashi. Mwenye nyumba wa mhasibu. Kijana mmoja wa mjini ambaye hata kadi ya kupimwa hana, nadhani shida yake ilikuwa jua. Akashuka jina moja moja. Akafika la kumi na tisa, akasimama hapo. Lilikuwa la mama yake mzazi.

Mama yake ana ukungu. Alipimwa mwezi uliopita, akaambiwa asubiri kama wenzake. Uzi kwenye sindano anautia mwenyewe, ukimpa muda.

Alikuwa bado amekodoa macho pale harufu ilipoingia, na mwenyewe nyuma yake.

"Umeona?" Bwana Marashi akasema, meno yote nje. "Nimekukumbuka. Mama yako ni mama yangu."

"Mama ana ukungu, mkuu. Kuna watu thelathini na nane hawaoni kabisa."

"Ukungu wa leo ni upofu wa kesho, tuwahi! Na hao wengine wameshazoea, mwaka mmoja zaidi utawafanya nini? Dada yangu, kila mtu ana wa kwake. Saa kumi daktari mkuu anapita kuchukua orodha. Chapa, mpe, kula kimya." Akampigapiga begani, akaondoka.

Wameshazoea! Huyo mtu amevaa miwani ya mbao, tena ya kuchongwa kwa kipimo chake.

Lakini niseme yote, kwa sababu Mama Mistari mwenyewe hakujificha. Kwa dakika nzima aliipenda ile orodha. Alimwona mama yake anatoka chumba cha upasuaji, anasoma gazeti, anawaona wajukuu. Alifika mpaka kuwaza kwamba fundi viatu ni mpole, atasema tena haidhuru. Hapo ndipo mate machungu yalipomjaa mdomoni. Marashi ya yule bwana yalikuwa na afadhali kuliko wazo lile, maana marashi yalikuwa ya mtu mwingine.

Akanyanyuka, akaenda kabatini, akatoa kadi. Mmoja mmoja akawarudishia hali zao zilizoandikwa na sista: jicho moja watatu, ukungu watano, miwani kumi. Asiye na kadi akamfuta. Akaingia kwenye mpangilio akalitoa lile neno Wetu, akahifadhi. Akabofya.

Majina yakashuka kila moja mahali pake. Fundi viatu wa thelathini. Mama yake wa themanini na sita.

Saa kumi daktari mkuu akaja, akapokea karatasi, akatia sahihi, akaondoka na nakala. Saa kumi na moja kasoro simu ya mezani ikalia. Bwana Marashi hakupiga kelele. "Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu," akasema. "Kesho usiliguse dirisha. Nenda stoo ukakunje mashuka, mpaka nitakapoamua la kukufanya."

"Sawa, mkuu," akajibu, akakata simu kabla yake.

Pale getini alimkuta fundi viatu anafunga kibanda. Akamwambia, "Kesho asubuhi uje. Umo, wa thelathini." Fundi akauliza mara tatu kama ni kweli, kisha akakaa chini na viatu vya watu mapajani. Mama Mistari akaondoka haraka. Shukrani hakuwa na pa kuiweka siku ile.

Nyumbani alimkuta mama yake sebuleni, mfuko wa nguo miguuni. Bwana Marashi alishampigia simu jana, akampa habari kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kesho tunatoka saa ngapi?" mama akauliza.

"Hatuendi, mama. Wewe ni wa themanini na sita."

"Nani kanitoa?"

"Mimi."

Mama akafungua mfuko. Akatoa taulo, akatoa ndala, akatoa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye gazeti, akavipanga mezani pole pole. "Mtoto wa watu kanikumbuka," akasema. "Wewe niliyekuzaa umenifuta."

"Sijakufuta. Nimekurudisha mahali pako. Kuna watu hawaoni kabisa, mama."

"Mahali pangu," mama akarudia. Akavuta jagi, akamimina maji. Yalipita pembeni ya kikombe, yakatambaa mezani, yakalowesha taulo na gazeti la sabuni, na yeye akaendelea kumimina.

Mama Mistari hakujua kama mama yake hakukiona kikombe au alifanya kusudi, na hakuthubutu kuuliza. Alichukua kitambaa akaanza kufuta. Kila alipoinama, ile harufu ilimpanda kutoka begani.