Anayebisha kwa Mdomo

"Kokoko." Sauti hiyo Emerance anaikumbuka mpaka leo: mtu anabisha hodi kwa mdomo, polepole, kama anaogopa kuamsha mtoto. Mtoto hakuwepo tena. Walimzika asubuhi, bila matanga, maana kitoto kichanga hakifanyiwi matanga, na majirani wa mtaa wa Shari, waliokwisha kuzoea kumwita Mama Plamedi kwa jina la mtoto, walirudia kumwita Emerance tu, kana kwamba jina nalo limefukiwa.

Aliyebisha ni mama wa kujitolea anayezungukia wafiwa; huja na bido ndogo, dumu la maji baridi, na vitambaa. Huacha kandambili mlangoni, hukataa kiti, huketi mkekani karibu na mfiwa. Mikono yake ni mikubwa, ina alama za moto wa jikoni, lakini huweka kitambaa juu ya matiti yaliyojaa maziwa kama anayefunika kitu kilicholala. Siku ile shangazi yake Emerance alipoanza, "Nyamaza, weye ungali kijana, utazala mwingine," mama huyo alimpa bido tupu. "Mama, enda kwanza kuteka maji. Mudomo nayo ipumuzike kidogo." Shangazi alicheka bila kupenda, akatoka. Ndipo Emerance akalia kwa sauti, mara ya kwanza, na mgeni hakumnyamazisha; kitambaa kikipata joto alikichovya tena, akakikamua, akakirudisha. Jioni alivaa kandambili zake, akainama kizingitini, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nitarudi kesho, Mama Plamedi."