Pale kwa Fundi Viatu

Fundi viatu wa mtaani kwetu hakubali kwamba duka likifungwa limekwisha. Ukimuuliza kinyozi yuko wapi, anatoa misumari mdomoni, anaifuta kwenye aproni na kukuelekeza kwa nyundo: "Nyooka mpaka benki, pinda kushoto, utamkuta buchani." Benki siku hizi ni saluni, na kinyozi ananyolea ndani ya iliyokuwa bucha. Mgeni huondoka akikuna kichwa. Sisi wenyeji tunamwelewa, maana katuambukiza sote: jirani yangu humuaga mumewe, "Naenda benki kusuka," na mume haoni ajabu. Kila duka jipya fundi hulisema vibaya asubuhi, jioni akaingia kulikagua, mikono nyuma, kama mama mkwe jikoni.

Juzijuzi zamu ikamfikia yeye. Kona yake ikajengwa duka la simu, vioo juu mpaka chini, naye akahamia ng'ambo ya barabara. Tukajua kicheko kitamkauka. Wapi. Wateja waliendelea kwenda kwa fundi viatu palepale, wakibwaga ndala zilizokatika juu ya kabati la simu. Dada muuzaji aligomba wee, mwisho akasalimu amri. Sasa anavuka barabara amekumbatia viatu vya watu, amenuna, na fundi anacheka mpaka misumari inamtoka mdomoni. Jana mgeni alimsimamisha dada huyo katikati ya safari hiyo, akamuuliza duka jipya la simu liko wapi.

"Si lile pale," akamwonyesha kwa kidevu, "kwa fundi viatu."