Poda Kidogo ya Wifi Flaviana

Wifi yangu Flaviana alikuwa na dini mbili. Ya kwanza ni ile aliyobatizwa nayo, na ya pili ni kutopaka poda nyingi. Ukiikosea ya kwanza atakuombea. Ukiikosea ya pili atakusema mpaka mtaa wa pili wasikie.

"We dada, huo uso umeupaka poda au umeupiga lipu?" ndivyo alivyowaambia wateja wake hapa Chamazi, na wao badala ya kununa walicheka, wakanunua.

Ameolewa na kaka yangu Cyprian, mchonga vinyago wa Mwenge, mtu wa kutoka nyumbani na alfajiri na kurudi na vumbi la mpingo mpaka masikioni. Mimi ni Editha, fundi cherehani. Nakaa chumba cha uani katika nyumba hiyohiyo na kazi yangu naifanyia barazani, kwa hiyo haya ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, sikuletewa na mtu.

Flaviana aliuza vipodozi vya bei ndogo, akivitembeza nyumba kwa nyumba katika mkoba wa kitenge niliomshonea mwenyewe. Nilizoea kumtania: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" Naye alinijibu kwamba kibaya ni cherehani yangu, inayokula uzi kama mbuzi. Watu walimpenda kwa sababu hakuuza tu, alifundisha. Poda usiijaribu mkononi, alisema, mkono na uso si ndugu. Ijaribu kwenye taya, usimame mlangoni penye mwanga wa jua, na ikipotea usiione, hiyo ndiyo yako. Lipstiki moja inatosha midomo na mashavu, unasugua kwa ncha ya kidole. Nyusi unazinyoa kidogo kwa wembe na kuzichora kwa penseli ya wanja, unywele kwa unywele. Na ukirudi nyumbani unanawa, unapaka mafuta, unalala na uso uliopewa na Mungu. Wake mwenyewe ulikuwa laini na umetulia, hujui kama amejipaka ama kaamka hivyo.

"Uso wangu ndio duka langu, wifi," aliniambia.

Baka lilianza baada ya Pasaka, upande wa kushoto, kati ya nyusi na shavu. Ngozi ilikuwa imepauka kidogo tu. Akasema ni utangotango. Duka la dawa wakamuuzia mafuta ya kupaka, yalipokwisha akanunua mengine. Utangotango ninaoujua mimi huwasha mtu akitoka jasho, lakini hili halikuwasha wala halikuuma. Lilikaa kimya, na ukimya ule ndio uliotudanganya. Akalifunika kwa poda, mambo yakaendelea.

Kisha nyusi ya kushoto ikaanza kupungua mkiani. Mwanamke mwingine angeshtuka. Lakini mtu anayenyoa nyusi kila wiki, zikipotea zenyewe atajuaje? Alichora tu pale palipokuwa tupu, na alichora vizuri mno. Wateja wakataka nyusi kama zake. Hata mimi nilimwomba anichoree hivyohivyo, nikakaa kwenye kigoda nimeinua uso, na yeye ameniinamia huku anapiga mluzi.

Mwezi wa nane tulisafiri kwenda kwao Masasi, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Mimi nilikwenda kwa sababu gauni nililishona mimi, na pia kwetu ni jirani na kwao. Flaviana alikuwa na vitu vyake vya safari ndani ya kisanduku cha sabuni: poda nusu kopo, lipstiki, penseli, wembe uliofungwa karatasi na kitambaa kibichi. Gari halijafika Kibiti alikuwa ameshawapa somo akina mama wa viti vya jirani.

"Safarini usijipake mapema," aliwaambia. "Vumbi na jasho vitakupikia uji usoni. Panda na mafuta tu, ujirembe mkikaribia."

Gari likasimama Nangurukuru ili watu wale chakula. Sisi tulibaki vitini na mihogo yetu ya kukaanga. Flaviana akaona mwanga ni mzuri, akaniwekea kioo mikononi nikishike, akaanza kusafisha nyusi kwa wembe huku ananisimulia habari za mteja mmoja aliyempaka mumewe poda kwa bahati mbaya. Dereva akaondoa gari bila hata kupiga honi. Tukayumba. Mimi nikaangusha kioo, nilipoinuka nikaona damu.

Ilikuwa inashuka kutoka kwenye nyusi ya kushoto, ikapita pembeni ya jicho, ikafika kwenye taya na kudondokea blauzi yake ya kijani. Na yeye alikuwa anaendelea kuongea. Alikuwa anacheka.

"Flaviana!"

"Nini?"

"Umejikata!"

Akapitisha kidole shavuni, akakitazama. Mama wa kiti cha mbele aligeuka, akapiga kelele, akatoa leso. Jeraha lilikuwa limefunguka kama mdomo.

"Hukusikia?" nilimuuliza.

"Sikusikia kitu." Akajaribu kutabasamu. "Wembe wangu mkali, wifi. Mkali kiasi hicho hauumi."

Nami ninashika mikasi na sindano kila siku ya Mungu. Chombo kikali huuma. Niliogopa, nawaambia kweli, na njia yote iliyobaki sikuonja tena mihogo ile.

Mama yake, mama Sesilia, alitupokea vizuri sana. Jioni Flaviana akanawa uso uani, akabandua na plasta aliyobandika njiani, akaketi kwenye mkeka mwanga ungalipo. Mama yake alikuwa anapakua. Alimtazama mara moja, akamtazama tena, akaacha kupakua. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani moja na kikombe kimoja vya bati, vya zamani, akampakulia mwanawe peke yake.

"Mama, mie mgeni siku hizi?" Flaviana aliuliza, akicheka.

"Kula, mwanangu."

Nilipomfuata mama jikoni kuosha vyombo, aliniuliza bila kunitazama, "Hilo la usoni limeanza lini?"

"Baada ya Pasaka, mama. Ni utangotango."

"Hata kaka yangu Alfonsi tuliambiwa utangotango."

Nilijua habari za mjomba Alfonsi. Flaviana alizoea kusema ana mjomba aliyekwenda Dar kutafuta kazi zamani na hakurudi. Nikamwambia mama hivyo. Akatikisa kichwa.

"Ndivyo tulivyowaambia watu. Hakufika Dar. Alipelekwa kwenye kambi yao, vidole vikiwa vimeshakwenda. Alifia huko." Akasuuza kile kikombe cha bati, akakiweka mbali na vingine. Neno lenyewe hakulitamka. "Mwambie mwenzio mume asijue. Mume akijua, nyumba hana."

Flaviana alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alijipaka poda kabla hajapiga mswaki.

Tuliporudi Chamazi sikumpa nafasi. Alisema kesho, akasema wiki ijayo, nikamwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua! Vaa viatu." Tukaenda kituo cha afya. Nesi alikuwa dada mmoja mtaratibu. Alimwambia afumbe macho aonyeshe kila anapoguswa, akamgusa kwa unyuzi wa pamba. Kwenye paji la uso Flaviana alionyesha, kwenye kidevu alionyesha. Kwenye baka nesi aligusa, akagusa tena, akazunguka kote. Flaviana alikuwa amekaa wima na kidole chake hewani, anasubiri kuguswa.

Nililia. Sikujificha.

"Ni ukoma," nesi alisema. "Na unatibika kabisa, usinitazame hivyo. Dawa ni bure, utameza mwaka mzima bila kuruka. Ukishaanza kumeza humwambukizi mtu. Mumeo na huyu dada waje tuwaangalie nao." Mimi nikaangaliwa palepale, nikaonekana mzima. Kisha nesi akashusha sauti. "Mambo mawili. Dawa hizi zitakutia weusi kidogo usoni, ukimaliza dozi weusi utaondoka. La pili ndilo kubwa. Hilo baka liko karibu na jicho. Likivimba, likiwa jekundu, au jicho likianza kukataa kufumba, njoo siku hiyohiyo. Usingoje kesho. Hapo unapita mshipa wa fahamu, ukifa haufufuki. Na jicho lisilofumba huishia kupofuka."

Flaviana akaitikia kila kitu. Dawa alimeza kweli, hilo simsingizii. Lakini kumleta Cyprian akakataa katakata, na weusi ulipoanza kuja, ukaja na maneno. Mtaani wakasema kajichubua, krimu imemgeuka. Mwuza poda mwenyewe! Wateja waliokuwa wakimwita dirishani sasa walijifanya wanapika. Yeye akaongeza poda. Aliyekuwa akiwakataza wenzake sasa alijipaka asubuhi, akajipaka mchana, na usiku akalala nayo, foronya zikawa na rangi ya chai. Kaka yangu anachonga nyuso kutwa nzima, anajua mpingo gani una ufa ndani, lakini uso wa mkewe hakuuona.

"Unanukia vizuri siku hizi," alimwambia tu.

Ndipo ikaja kazi ya Marietha. Alikuwa binti wa jirani, sendofu yake Jumamosi, na mama yake aliamini mikono ya Flaviana kuliko maneno ya mtaa. Akampa bibi harusi na dada zake wote awapambe. Flaviana alifurahi mpaka akaimba. Watu wakiona kazi ile, alisema, watafunga midomo.

Jumatano yake nikamwona amefunga kanga mpaka kwenye nyusi. Nikaivuta. Baka lilikuwa limevimba, jekundu, linang'aa chini ya poda iliyopasuka.

"Twende sasa hivi," nikamwambia.

"Jumatatu."

"Nesi alisemaje? Alisema Jumatatu?"

"Jumamosi ipite tu, wifi. Nikienda watanilaza, nani atampamba Marietha? Watasema kweli ninaumwa. Na kaka yako atauliza nimelazwa nini." Akanishika mikono yote miwili. "Haliumi. Ningekuwa nasikia maumivu ningekwenda."

"Hicho kisichouma ndicho kinachokula, Flaviana! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Tuligombana vibaya. Nilikasirika hadi nikakata kitambaa cha watu upande usio wake. Nikamwambia kama hakwenda Jumatatu kukicha namwambia kaka mwenyewe, na ndoa ivunjike kama ni ya kuvunjika. Akaitikia, akajifungia ndani.

Sendofu ilipendeza. Lazima niseme haki yake, hakuna aliyepambwa kama Marietha mwaka ule. Poda nyepesi, nyusi unywele kwa unywele, mashavu kama mtu aliyetoka kusikia habari njema. Wanawake walipiga vigelegele, na watatu kati ya waliokuwa wakijifanya wanapika walimfuata Flaviana kuuliza bei. Yeye alisimama pembeni ya ukumbi, amegeuza upande wa kulia kwa watu. Alikuwa anafuta jicho la kushoto kwa kitambaa. Nilipomtazama akasema ni moshi wa nyama choma. Nyama choma ilikuwa nje, upepo unakwenda kwingine.

Jumapili baada ya misa kaka alikwenda uwanjani kutazama mpira. Nyumba ilikuwa kimya, shangwe za watu zinasikika kwa mbali na kuzima. Nikaingia ndani kuchukua maji. Flaviana alikuwa amelala sebuleni kwenye mkeka, chali, amechoka na kazi ya jana. Anakoroma kidogo. Jicho la kulia lilikuwa limefumba.

La kushoto lilikuwa linatazama dari.

Nilidhani yuko macho. Nikamsemesha, hakujibu, akaendelea kukoroma. Nikasogea. Weupe wa jicho ulikuwa umekauka, una wekundu pembeni, na nzi alikuja akatua palepale kwenye ukingo wa kope, akatembea. Kope haikutikisika. Nikamfukuza nzi yule kwa kiganja, mdomoni nikisema Mungu wangu, Mungu wangu, bila sauti.

"Wifi. Wifi, amka."

Akaamka. Akafuta chozi lililokuwa shavuni, akaniuliza kuna nini, kaka yangu kapatwa na jambo?

"Fumba macho."

"Si umeniamsha sasa hivi?"

"Fumba, Flaviana."

Akaona uso wangu, akatii. Kope ya kulia ikashuka mpaka chini. Ya kushoto ikatikisika, ikashuka nusu, ikakwama.

"Fumba yote mawili."

"Nimefumba." Akatabasamu, mdomo ukapanda upande mmoja tu. Huko uwanjani watu wakapiga kelele za bao. "Haya, unataka nini sasa?"

Nilikaa chini mbele yake. Akakaza uso kwa nguvu, paji likajikunja, na lile tabasamu la upande mmoja likaisha polepole. Akainua mkono akaupeleka kuelekea kwangu, akanigusa shavuni palepale nilipo, bila kupapasa.

"Editha," alisema, "mbona bado nakuona?"