Mkono wa Bi Time

Maganda ya muhogo yakichachuka juani, popote nilipo, iwe Tanga, Lindi au Mombasa, miguu yangu husimama yenyewe. Nimehama miji mingi kuliko mabegi yangu yalivyoweza kuvumilia, lakini harufu ile hunirudisha Kengeja, uani kwetu, siku fahali wetu alipovimba tumbo.

Lilikuwa limebaki juma moja kabla ya mchezo wa ng'ombe, ambapo fahali huchokozwa uwanjani mbele ya watu. Baba, kwa kutaka kumtia nguvu, alimlisha maganda ya muhogo bila kipimo. Alasiri fahali akaanguka, ubavu wa kushoto umetuna, ulimi nje. Baba akachomoa kisu. Alitaka kuwahi kumchinja, asije akafa akawa mzoga, nyama ikawa haramu.

Ndipo akatokea mama mdogo, Bi Time, na mkoba wake. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka chuoni, miaka miwili ya kusomea utabibu wa mifugo, na wanaume wa mtaani walimwita Bi Sindano, wakicheka. Akasimama kati ya kisu na shingo ya ng'ombe.

“Ondoka, shemeji, ng'ombe anatufia,” baba alisema.

“Nipe nafasi moja. Nikikosa, chinja.”

Jirani yetu, Mzee Faki, akauliza tangu lini ng'ombe akatibiwa kwa kutobolewa. Mama mdogo hakumtazama. Alipima kwa kiganja kutoka mfupa wa nyonga, akasafisha ngozi, akakita ubavuni bomba la chuma lenye ncha. Upepo wa tumboni ukafoka, na uvundo wa muhogo uliochacha ukatufukuza sote isipokuwa yeye. Punde fahali akanyanyua kichwa. Kisha akasimama.

Baba akarudisha kisu alani. “Mwenyezi Mungu kamponya,” aliwaambia wenziwe.

“Alhamdulillahi,” mama mdogo akajibu, akifuta damu. “Na mkono alioutumia ni wa nani?”

Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliona haya. Nilidhani amemkosea baba adabu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponieleza kwamba chuoni walijifunzia kwa ng'ombe waliokwisha chinjwa. Yule wetu alikuwa wa kwanza aliye hai. Angekosea, hakuna ambaye angemfungulia banda tena. Nikamwuliza kwa nini basi hakunyamaza, akashukuru salama yake.

“Ningenyamaza,” alisema, “kesho wangesema ng'ombe kaamka mwenyewe.”

Siku hizi, nikifanya kazi kisha nikasikia sifa zake anapewa mwengine, huuliza swali lile lile, mbele ya watu. Nimekwisha kufukuzwa vibarua viwili kwa ajili ya swali hilo, na bado nauliza.