Mjukuu Wangu Alisema Hakuna

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni vizuri. Mimi shule niliachia darasa la tatu, sitaandika kama mwalimu. Naandika kwa sababu mjukuu wangu alinikosoa mbele ya kanisa, na haki ilikuwa yake.

Huyo msichana tulimsomesha watu wengi. Akina mama wa mwethya, sisi tunaochimbiana matuta shambani kwa zamu, tuliuza ndengu zetu soko la Kabati ndiyo aende ng'ambo. Hapa Matinyani, mtoto aliyesaidiwa na mwethya akirudi lazima asimame aeleze alichofanya. Mwaka jana alirudi, akasimama baada ya ibada.

Akasema kazi yake na wenzake huko ni ya setilaiti. Ndani wameweka vipande viwili vya metali, kimoja kizito, kimoja chepesi, na kule kuzunguka dunia ni kuanguka tu kusikoisha.

"Mkipepeta ndengu," akasema, "maganda yanabaki nyuma kwa sababu ya hewa. Kule juu hewa karibu hakuna. Tulitaka kujua kama kimoja kitatangulia hata kidogo kabisa. Kingetangulia, vitabu vya fizikia vingeandikwa upya."

"Na kikatangulia?" mzee wa kanisa akauliza.

"Hapana. Hatukuona tofauti."

 Halafu mama mmoja wa mwethya akapiga makofi ya mshangao. "Woi! Ndengu zetu zote hizo, ndiyo uende uone hakuna kitu?" Benchi zima likacheka.

Uso ukaniwaka moto. Nikasimama bila kuitwa. "Msimcheke! Walipata kitu kikubwa. Ni vile serikali ya huko imewakataza kusema."

Hapo kicheko kikakatika, watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Lakini mjukuu wangu alinitazama kama mtu aliyekanyagwa.

"Susu, hapana," akasema polepole. Hivyo ndivyo huniita, mimi nyanya yake. "Hakuna siri. Tulitafuta kwa makini kuliko waliotutangulia, na hatukuona. Hilo ndilo jibu. Nikiacha liongezewe hata kidogo, nani ataniamini tena, kazini au hapa?"

Mzee akaniambia, "Haya mama, kaa chini." Nikakaa. Nilitazama viatu vyangu mpaka maombi yakaisha, na hata kumsalimia mtu mlangoni sikuweza.

Kufika nyumbani, nakuta wanangu wameshapigia majirani simu kuhusu hiyo siri yangu. Mmoja tayari ameiongezea dhahabu. Msichana yuko jikoni, anapuliza moto.

Nikagonga meza kwa mwiko.

"Zimeni hizo simu. Kila mmoja aende kwa miguu kwa yule aliyemwambia, aseme mama alidanganya. Na mtoto huyu akisema hakuna, katika nyumba hii mtasema hakuna."